Aliyekaa Ndani Kabisa

Jumamosi, 1 Novemba 1986

Kadi ya chuo kikuu imefika. Nashukuru. Siku ya kupimwa ni Jumapili ya tarehe 9 asubuhi, ukumbi uleule. Mapacha wazee wote wa mkoa. Watatupima urefu, mabega, mikono na mzingo wa kichwa. Kisha chakula cha boksi: samaki mkunga wa kuchoma juu ya wali. Kisha taulo ya zawadi. Nashukuru kwa mkunga. Kwa taulo pia, ingawa ya mwaka jana ilichuja rangi.

Niandike kwa utaratibu, kama nilivyowataka wanafunzi wangu waandike. Mimi ni Nukata Yasaku, mwalimu mkuu mstaafu. Nina pacha, Genzo, wa mtaa wa chini, mtengeneza tofu, ile jibini laini ya soya. Sura moja, pua moja, upara mmoja. Kurwa na doto. Yeye alitangulia kutoka tumboni. Kwa hiyo mimi ndiye mkubwa.

Bibi yetu alilieleza jambo hili vizuri. Katika nyumba yenye heshima, mkubwa huketi ndani kabisa, na mdogo hukaa karibu na mlango ili apokee wageni. Tumboni ni vivyo hivyo. Aliyekaa mlangoni alikuwa Genzo. Alitoka kwanza ili anifungulie njia. Namshukuru kwa kazi hiyo. Lakini karani wa mji aliandika kwa mtindo wa serikali, kwamba aliyetangulia ndiye mkubwa, na baba hakubisha. Tangu hapo Genzo huniita "mdogo wangu". Mbele za watu! Nami humwita "mdogo wangu". Watu wa hamamu wameshazoea.

Miaka saba iliyopita, katika kumbukumbu ya mama, mtawa alimwita mtoto mkubwa aweke ubani. Tukasimama wawili. Tukafika pamoja. Mikono ikagongana, chetezo kikapinduka, majivu yakamwingia mtawa puani. Tangu siku ile hatuli meza moja, isipokuwa siku ya kupimwa. Watafiti wanataka pacha wote wawili. Mmoja peke yake hana faida kwao. Basi mara moja kwa mwaka tunakaa bega kwa bega, tunakula mkunga, wala hatutaji ubani. Siendi kwa ajili ya hilo. Naenda kwa ajili ya sayansi.

Mwaka jana Genzo alinizidi urefu kwa milimita tisa. Alitangaza hamamu nzima. Alisema mwili umethibitisha alichoandika karani. Mwaka huu atanyamaza.

Jumanne, 4 Novemba

Maktaba tangu asubuhi. Ugunduzi! Binadamu ni mrefu asubuhi kuliko jioni. Anayesimama, uti wa mgongo wake hubonyea pingili kwa pingili. Anayelala hunyooka tena. Mtengeneza tofu huamka kabla ya jogoo na kusimama kwenye masufuria hadi mchana. Mimi ni mstaafu. Nashukuru kwa pensheni yangu na kwa uti wa mgongo wangu. Nilirudi nyumbani taratibu, nisijibonyeze.

Kuna kero moja. Katika utafiti huu Genzo ni A na mimi ni B. Nilichukua kapu la matunda ya kaki nikaenda chuoni kwa Bi. Isozaki, mtaalamu wa takwimu. Ni binti mdogo, miwani minene, mpole. Alikataa matunda kwa adabu, akakataa tena, kisha akapokea moja. Amelelewa vizuri. Nikamweleza kwamba herufi zetu zimekosewa.

Akasema herufi zilipatikana kwa kurusha sarafu. Nilishtuka. Ukubwa kwa sarafu! Akasema isinisumbue, maana katika hesabu yao kila jozi huingizwa mara mbili: mara ya kwanza Genzo mbele na mimi nyuma, mara ya pili mimi mbele na Genzo nyuma. Kati ya mapacha, alisema, hesabu haimjui wa kwanza. Kama jibu lingetegemea nani ametangulia, lingebadilika kila mtu akibadili mpangilio, na jibu la namna hiyo si jibu. Wanachotazama ni jinsi pacha mmoja anavyotofautiana na mwenzake, wakalinganisha na jinsi jozi moja inavyotofautiana na jozi nyingine. Kisha huweka mapacha wa kufanana upande mmoja, na upande wa pili wale wasiofanana, ambao kwa damu ni kama ndugu wa kawaida tu. Ikiwa wa kwanza wanakaribiana kuliko wa pili, urithi umeonyesha uso wake.

Nikamwuliza kama, basi, katika nusu ya hesabu zao natangulia mimi. Alifikiri kidogo, akasema kwa namna fulani, ndiyo. Namshukuru sana! Nusu ya sayansi iko upande wangu. Nusu iliyobaki nitaishinda kwa godoro.

Alisema pia jambo fulani kuhusu jozi ambazo vipimo vyake hurukaruka mwaka hadi mwaka. Sikulipata vizuri. Nilikuwa navaa viatu.

Alhamisi, 6 Novemba

Maandalizi. Muuza mboga amekubali kunipeleka ukumbini Jumapili na pikapu yake, nikiwa nimelala chali nyuma, juu ya godoro. Itabidi nilale pamoja na figili zake, maana ni siku ya soko. Nashukuru. Figili ni majirani watulivu.

Upande wa Genzo nao nimeushughulikia. Nimemtuma mke wangu, Tsuyako, aagize tofu kwa jina la hekalu. Tofu ya karamu! Ifikishwe Jumamosi, ipandishwe ngazi zote za mawe hadi juu. Atasimama Ijumaa nzima akipika na Jumamosi nzima akibeba. Jumapili atakuja kupimwa akiwa mfupi kama kigoda.

Tsuyako aliuliza tofu yote hiyo italiwa na nani. Nilimwambia hekalu halikosi walaji. Akasema, "Una miaka sabini na nne, Yasaku." Nilimshukuru kwa kunikumbusha.

Amerudi. Anasema ameagiza. Anasema pia alishindwa kujizuia kucheka, akasingizia kikohozi.

Jumamosi, 8 Novemba

Tofu imefika hapa. Yote.

Nilikuwa nimelala chali, nikifanya mazoezi, sikuweza kuinuka. Nilimsikia Genzo mlangoni akihema. Alimwambia Tsuyako, "Shemeji, hekalu wamesema hawakuagiza. Nimeshuka nayo. Nikaona nyumba yenye njaa ni hii."

Tsuyako akamshukuru. Nami nilimshukuru, kimoyomoyo, kupitia ukuta.

Ndoo zimejaa. Masufuria yamejaa. Beseni la kuogea limejaa. Chakula cha jioni: tofu. Nashukuru.

Jumapili, 9 Novemba

Ushindi! Nadhani.

Safari ilikwenda vema. Njia nzima sikuinua kichwa. Watu wa sokoni waliinama ndani ya pikapu kunisalimu, nami niliwajibu kwa heshima inayowezekana kwa mtu aliyelala. Mmoja aliuliza bei yangu. Nilishuka mlangoni pa ukumbi, nikaingia nikinyata, jani la figili sikioni. Bi. Isozaki aliliondoa. Namshukuru.

Nikasimama kwenye ubao wa kupimia. Kile kibao cha juu kikashuka taratibu kikagusa upara wangu. Namba ikasomwa. Nimekua! Kwa umri wangu!

Kisha Genzo. Alikuja ubaoni akijishika kiuno. Hakunyooka. Nilijua atasema neno, nikawa nimeshatayarisha jibu. Hakusema. Bi. Isozaki alimpima mara tatu, akamwita mpimaji mwingine naye akapima, wakatazamana. Nimemzidi Genzo kwa zaidi ya sentimita nne.

Nilingoja aniite mdogo wake ili nimwonyeshe namba. Alivaa koti lake, akasema mgongo unamuuma, akaondoka. Hakula. Mkunga wake ulibaki mezani, kifuniko kimefungwa, karibu na wangu. Nilikula wangu. Ulikuwa mzuri. Nashukuru. Sijui kwa nini niliona wali mwingi hivyo.

Wakati wa kuondoka Bi. Isozaki aliniita pembeni. Mwaka jana tofauti yetu ilikuwa milimita tisa kuelekea huku, mwaka huu sentimita nne kuelekea kule. Mapacha wa kufanana hawafanyi hivyo. Ama mmoja anaumwa ama kipimo kina kasoro. Jozi moja kama hiyo inatosha kuivuruga hesabu ya urefu. Atatupima tena Ijumaa saa kumi jioni. Kama tofauti haitaeleweka, watalazimika kututoa.

Nikauliza, kututoa mwaka huu? Akasema jozi ikishatolewa haiitwi tena.

Jumatatu, 10 Novemba

Hamamu. Nilikwenda nikiwa na namba yangu tayari mdomoni. Genzo hakuwapo. Duka lake limefungwa. Niliwaambia wengine, wakaniambia hongera, wakaendelea kujisugua. Namba hiyo haina ladha bila Genzo.

Hakuna tena siku ya kupimwa! Nimelifikiria tangu jana. Naipenda sayansi kuliko nilivyodhani.

Tsuyako anasema niende nikamwambie yule binti kwamba nilikuja nimelala kama figili, yaishe. Haiwezekani. Mwalimu mkuu! Kuna njia safi zaidi. Kama kulala kulinirefusha, kubeba kutanifupisha. Hadi Ijumaa nitarudi kwenye urefu wangu halali, na ikiwezekana chini yake kidogo, kwa usalama. Nimefunga mfuko wa mchele mgongoni. Nitatembea nao tangu kuamka hadi kulala.

Tofu asubuhi, tofu mchana. Nashukuru kwamba meno hayahitajiki.

Jumatano, 12 Novemba

Nimekwenda kwa Genzo. Miaka saba sijavuka kizingiti kile. Nilipeleka plasta za mgongo na machungwa madogo. Binti yake, Orie, alinifungulia, akautazama mfuko wa mchele mgongoni mwangu, akanikaribisha bila kuuliza. Namshukuru.

Genzo yuko kitandani. Tangu Jumapili daktari amemkataza kusimama. Alikuwa amelala chali, macho darini, mkono juu ya tumbo. Mimi nalala hivyohivyo. Ilikuwa kama kujitazama kutoka juu, na sikupendezwa.

Nilimpa pole. Nikamwambia juu ya Ijumaa, na juu ya kutolewa. Akauliza kama mkunga wake ulitupwa. Nikamwambia Tsuyako ameuweka. Si kweli, niliuchukua nyumbani na jana nikaula. Lakini nitamnunulia mwingine.

Nilitaka kuondoka nikashindwa. Nikamwuliza kama alijua tofu ile imeagizwa na nani.

"Nilijua shemeji alipoanza kukohoa," alisema.

Nikamwuliza kwa nini basi aliitengeneza. Na kwa nini aliipandisha ngazi zile zote.

Alitazama dari. "Miaka saba hujanunua tofu kwangu, Yasaku. Unanunua ya kiwandani, ya pakiti ya plastiki, unapita nayo mbele ya duka langu. Nikasema, heri, angalau ameagiza. Ningekataaje?"

Niliangalia mchele wangu. Nikamwambia asiinuke, apumzike, asisimame hata dakika moja hadi Ijumaa. Nilimtilia mkazo. Alisema sawa, mdogo wangu. Sikubisha. Mgonjwa habishiwi.

Namshukuru Genzo. Nimeandika hapa ili nisilazimike kumwambia.

Ijumaa, 14 Novemba

Balaa!

Saa kumi kamili, chuoni. Orie alimleta baba yake kwa teksi, kiti kimelazwa nyuma, taratibu, kama yai. Mimi nilikwenda kwa miguu na mchele wangu, nikauacha mlangoni. Nikapimwa. Mfupi! Mfupi kuliko mwaka jana, mfupi kuliko miaka yote. Nikafurahi. Kisha Genzo akapanda ubaoni, mgongo umepona, amenyooka kama mlingoti, na hapo ndipo nilipokumbuka nilichosoma maktabani.

Siku tano kitandani. Mbili za mwisho kwa amri yangu mwenyewe!

Tofauti yetu sasa ni karibu sentimita nne, kuelekea upande wa pili.

Bi. Isozaki aliweka kalamu chini. Alitutazama mmoja mmoja. Alisema kwa upole kwamba amesomea takwimu miaka mingi na hajawahi kuona mapacha wakipishana kama watu wawili kwenye ngazi. Akasema hana la kuandika kwenye maelezo. Akasema anasikitika.

Niliona aibu kufungua kinywa. Akafungua Genzo.

"Bibie, huyu alikuja Jumapili amelala kwenye gari la figili. Mji mzima umemwona. Na mimi wiki hii nimelala kwa amri ya daktari, na yeye wiki hii amebeba mchele. Usitutoe kwa ujinga wake. Mimi kila mwaka nakuja hapa kwa sababu huyu anakuja. Ukituondoa, nitakaa naye wapi?"

Nilitazama viatu vyangu. Mwishoni nilisema, "Mimi pia." Bi. Isozaki akauliza mimi pia nini. Nikasema, "Hivyohivyo alivyosema. Mwandike yeye mbele."

Alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Nadhani alikuwa na mafua.

Kisha akatoa hukumu. Kasoro, alisema, haiko kwenye urithi wala kwenye ubao. Iko kwenye asubuhi zetu. Basi Jumapili tutapewa asubuhi moja. Tufike pamoja, tukae kwenye benchi moja, tule kitu kimoja, tuinuke wakati mmoja, ndipo atupime. Vipimo viwili vya kwanza atavifuta, na sababu ataiandika waziwazi. Nilimwomba asitaje figili. Akasema atajitahidi.

Namshukuru Bi. Isozaki. Nawashukuru waliomlea.

Jumapili, 16 Novemba

Nimeshiba, nimechoka, nashukuru.

Genzo alinipitia alfajiri. Tulikwenda kwa miguu pamoja, hatua kwa hatua, kwa ajili ya usahihi. Benchi lilikuwa jembamba. Tuliketi. Genzo akaniuliza kama tofu ilikuwa ngumu mno. Nikasema ilikuwa laini. Akasema maji ya vuli huwa mazuri. Nikasema niliila beseni zima. Akacheka hadi akajishika kiuno, nikaogopa asije akajifupisha.

Alisema pia kwamba bibi alikuwa akimpa yeye vipande vikubwa vya viazi vitamu, kwa siri, amfariji kwa kuwa mdogo. Sikuwa nimelijua hilo. Kwa muda nilifikiri pengine kuwa mkubwa kulikuwa na gharama zake. Nimeliacha wazo hilo palepale benchini.

Tukapimwa. Genzo amenizidi. Milimita saba. Bi. Isozaki alisoma namba, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki hii nzima. Akasema hivi ndivyo mapacha wa kufanana wanavyopaswa kuwa. Tumebaki! Mwaka ujao tutaitwa!

Akatupa chakula alichokinunua mwenyewe, mkunga, boksi mbili. Tulikula. Genzo alinipa kachumbari yake kwa sababu haipendi, nami nikampa yangu kwa sababu siipendi, tukairudisha. Niliinama mbele ya Bi. Isozaki kwa muda mrefu kuliko ilivyo lazima. Nilimwambia kwamba amenifundisha jambo kubwa, kwamba kati ya mapacha hakuna wa kwanza, na kwamba kuanzia leo sitashindana tena na ndugu yangu kwa lolote. Genzo akasema naye hivyohivyo. Tulishikana mikono. Orie alipiga picha.

Wakati tunavaa makoti Bi. Isozaki alituarifu kwamba mwaka ujao wataongeza kipimo kipya, urefu wa sikio, maana masikio ya wazee huendelea kukua na haijulikani vizuri urithi una sehemu gani humo. Genzo alisema inavutia. Mimi nilisema inavutia.

Jumatatu, 17 Novemba

Siku tulivu. Theluji ya kwanza milimani. Nashukuru kwa theluji, kwa Tsuyako, kwa ndugu yangu. Tumenunua tofu kwa Genzo, kipande kimoja tu, cha heshima.

Asubuhi nilisimama mbele ya kioo na rula. Sikio la kushoto ni refu kuliko nilivyotarajia. La kulia linaweza kusaidiwa. Sikio halina uti wa mgongo! Halifupiki kwa kusimama. Kinachohitajika ni mvuto kidogo, kila siku, kwa uvumilivu, na mwaka mzima uko mbele yangu. Huku si kushindana. Ni kujitayarisha kwa ajili ya sayansi.

Nikamwomba Tsuyako vibanio viwili vya nguo.

Amesema havipo. Orie alikuja saa moja asubuhi, ametumwa na baba yake, akaazima vyote.

Duka la vyombo linafunguliwa saa tatu kesho. Nitanunua vile vya chuma.